Tusinunue karte ambayo hakuna kijana wa Butembo wala Beni anayeweza kuisoma

Mfanyabiashara wa Butembo aliyekwisha kufika Dubai au Guangzhou anaijua vizuri karte hii. Hotelini hapewi ufunguo wa chuma. Anapewa kipande cha plastiki, anakisogeza karibu na kitasa, taa ya kijani inawaka, mlango unafunguka. Katika metro ya Dubai ni vilevile: tangu mwaka 2009 abiria anasogeza karte ya Nol kwenye mashine, nauli inakatwa, naye anapita. Hakuna tundu la kuingizia karte wala karatasi ya kusaini.

Hata asiyesafiri mbali anaweza kuwa nayo bila kujua. Pasipoti ya biometriki, ile ambayo Wakongomani waliilipia dola 185 kwa miaka kadhaa tangu 2015, ina chipu ya namna hiyo. Karte nyingi za benki za siku hizi zinayo pia. Na kwa kuwa bei ya plastiki hizo imeshuka sana, haitakuwa ajabu kesho kuona chuo, hospitali, depo au kampuni ya mjini kwetu ikitaka kuwapa watu wake karte kama hizo: za kufungulia mlango, za kuhesabu nani amefika kazini, za kuonyesha nani amelipa minervali.

Hatupingi jambo hilo. Tunachosema ni hiki: taasisi yoyote ya Butembo au Beni isilipe hata dola moja kabla vijana wetu wenyewe hawajaishika karte hiyo, wakaisoma, wakaijaribu, na kueleza wazi inachunga nini na haichungi nini. Kazi hiyo haingoji mzungu wala mhandisi kutoka Kinshasa. Inafanyika mezani, kwa kifaa cha dola chache.

Karte isiyo na betri

Watu wengi wanadhani kuna betri ndogo ndani ya karte. Haimo. Kilichomo ni chipu ndogo sana na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa. Waya huo ndio antena. Mashine ya kusomea inatoa mawimbi ya redio ya megaherzi 13,56. Karte ikifika karibu, sentimeta chache tu, mawimbi hayo yanazaa umeme kidogo ndani ya waya, chipu inaamka na kujibu kwa kutaja namba yake. Ukiiondoa, inalala tena.

Ili kuisoma, mtu hahitaji mashine ya bei kubwa. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea, nchini Italia, walimu na wanafunzi walibuni kibodi kidogo kinachoitwa Arduino, ili hata mtu asiye mhandisi aweze kutengeneza vifaa vyake kwa bei ndogo. Juu ya kibodi hicho kuna mikrokontrola, yaani chipu moja iliyo kompyuta nzima: inafanya hesabu, ina kumbukumbu, ina miguu ya kuunganishia waya. Arduino Uno ina kilobaiti 32 tu za kuwekea programu, chini sana ya picha moja ya simu. Lakini kwa kazi hii zinatosha.

Pembeni yake mtu anaweka kisomaji kidogo kinachoitwa RC522. Waya saba zinatosha kuviunganisha. Kuna hatari moja ambayo kila anayeanza lazima aambiwe: RC522 inataka umeme wa volti 3,3, na kwenye Arduino mguu wa volti 3,3 umekaa jirani na ule wa volti 5. Akikosea mguu, anaweza kuunguza kisomaji. Programu zenyewe zinapatikana bure kwenye intaneti. Fundi wa simu anayeweza kubadilisha kioo na kuchomelea waya hatashindwa na kazi hii. Na asiyekuwa na umeme nyumbani asikate tamaa: kifaa kizima kinafanya kazi kwa betri ya kuchajia simu.

Vifaa hivyo vinatengenezwa kwa wingi Shenzhen, mji ulio jirani na Guangzhou, kulekule wafanyabiashara wetu wanakopakia kontena za simu, nguo na vipuri vya pikipiki. Njia ya mizigo ni ileile tunayoijua: Mombasa, Kampala, Kasindi, Beni, Butembo. Mfanyabiashara anayeleta simu elfu moja hatashindwa kuongeza boksi moja la visomaji.

Namba si siri

Kijana anaposoma karte kwa mara ya kwanza, anaona kwenye skrini namba ya karte hiyo. Mara nyingi ni baiti nne tu. Hapo ndipo somo kubwa linapoanza. Namba hiyo si siri. Karte inaitaja kwa mashine yoyote inayoiuliza, kama vile pikipiki inavyobeba plaki yake nyuma kila mtu aione. Na sokoni kuna karte tupu ambazo mtu anaweza kuziandikia namba yoyote anayotaka.

Kwa hiyo mlango unaofunguka kwa sababu tu umeiona namba fulani, ni mlango unaofunguliwa na yeyote aliyeinakili namba hiyo. Na kuna milango na mashine nyingi duniani zinazofanya kazi hivyo, kwa sababu ndiyo njia rahisi kwa muuzaji. Mnunuzi anasikia mlio, anaona taa ya kijani, anafurahi, anatoa pesa.

Karte iliyoenea zaidi katika kazi hizi ni MIFARE Classic, iliyotoka mwaka 1994. Ile ya kawaida ina baiti 1024 za kumbukumbu, zilizogawanywa katika sehemu 16, na kila sehemu ina funguo zake za siri. Ni jambo zuri. Lakini karte mpya kwa kawaida inatoka kiwandani na ufunguo mmoja unaojulikana na watu wote, na asiyeubadilisha ni kama mtu aliyenunua kufuli akauacha ufunguo umening'inia juu yake.

Hata aliyeubadilisha hajapona kabisa. Desemba 2007, mjini Berlin, watafiti Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha kwamba wamefungua chipu hiyo na kuona jinsi inavyoficha siri zake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi, walithibitisha kwamba funguo hizo zinaweza kuvunjwa. Wakati huo karte za chipu hiyo zilikuwa zikitumika katika usafiri wa London na wa Uholanzi. Kampuni ya NXP, inayotengeneza chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe. Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: hasara haitokani na mtu aliyetaja kasoro, inatokana na chipu iliyouzwa ikiwa na kasoro.

Tangu hapo miaka mingi imepita, na karte hizo bado zinauzwa kila mahali, kwa sababu ni rahisi. Zipo nyingine zilizo imara zaidi, kama DESFire, ambazo hazitoi siri zao kwa njia hiyo. Tofauti ya bei kwa karte moja si kubwa. Lakini taasisi isiyo na mtu wa kusoma karte haitajua ni ipi imeuziwa. Kwa macho zote ni plastiki nyeupe.

Tusitie watu hofu bure. Karte ya benki ni jambo lingine: hata kama namba yake inaweza kusomwa, kila malipo yanatolewa alama mpya na chipu, na alama ya jana haifai leo. Pasipoti nayo haisomwi ovyo ikiwa mfukoni: mashine inahitaji kwanza namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe na tarehe ya mwisho wa pasipoti. Hatari tunayoizungumzia ni ya karte za bei rahisi ambazo taasisi ndogo inauziwa kama ulinzi.

Mlango wa Beni si mlango wa hoteli

Mtu wa mbali anaweza kusema: ni karte tu, kuna nini? Kwetu kuna kitu. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni na vijiji vyake wameishi na mauaji. Kujua nani anaingia hospitalini usiku, nani yuko ndani ya nyumba ya wanafunzi, nani amevuka lango la depo, si swali la nidhamu peke yake. Linaweza kuwa swali la uhai.

Leo kazi hiyo inafanywa na sentineli. Anaangalia uso, anauliza jina, anauliza unakwenda kwa nani. Ana mapungufu yake, anaweza kusinzia, anaweza kupewa kitu kidogo. Lakini anawajua watu. Ukimpa mashine inayolia na taa ya kijani, baada ya wiki mbili ataacha kutazama uso. Mashine imesema ndiyo, yeye ni nani aseme hapana? Aliyeinakili karte ya mganga atapita akisalimiwa. Karte dhaifu ni mbaya kuliko kutokuwa na karte, kwa sababu inaondoa macho ya mtu na haiweki kitu mahali pake.

Na tunajua tayari gharama ya kupokea karte ambayo ubora wake haukuhakikishwa. Karte za uchaguzi zilizotolewa na CENI kwa ajili ya kura ya mwaka 2023 ndizo kitambulisho cha Wakongomani wengi. Watu wengi waliona maandishi na picha yakififia mpaka karte ikabaki karatasi tupu, na ikabidi watu wapange mistari tena kutafuta nakala nyingine. Kama plastiki inayoonekana kwa macho ilitupita hivyo, itakuwaje na chipu isiyoonekana?

Fundi akiwa upande wa pili wa barabara

Kuna sababu ya pili. Kwa miaka mingi, Butembo na Beni zilizoea kuagiza mambo Goma: ofisi kuu ziko Goma, fundi anatoka Goma, mashine inayotunza hesabu imewekwa Goma. Tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ilichukuliwa, benki zikafungwa, na serikali ya mkoa ikahamia Beni. Hatuandiki haya kuzungumzia siasa. Tunauliza tu: kama milango ya hospitali yako inafunguliwa kwa ruhusa ya kompyuta iliyo mahali usipoweza kufika, siku hiyo ungefanya nini?

Nairobi walionja kitu kama hicho bila vita. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta karte ya BebaPay ya kulipia matatu. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliamuru magari yote yaache kupokea pesa mkononi kuanzia tarehe 1 Julai. Amri haikushika, na mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Waliokuwa na karte walibaki na plastiki.

Kigali ni mfano tofauti. Karte ya Tap&Go, ambayo abiria wa basi wameitumia tangu mwaka 2015, ni kazi ya AC Group, kampuni ya vijana wa Rwanda wenyewe. Ikisimama, fundi yuko mjini. Nasi Kongo hatujakosa mifano. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay na wenzake walisimamisha roboti za kuongoza magari katika barabara za Kinshasa. Watu walicheka kwanza, kisha wakasimama kwenye taa zake. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuita.

Nani anatunza orodha?

Sababu ya tatu haizungumzwi sana. Kila mara karte inaposomwa, mashine inaweza kuandika: namba fulani, siku fulani, saa fulani. Baada ya mwaka mmoja, kuna mtu ana orodha ya nani aliingia wapi na alitoka saa ngapi. Katika mji wa amani hiyo ni hesabu ya kazi. Katika eneo la vita, orodha hiyo ikianguka mikononi mwa mtu mbaya inaweza kumwonyesha daktari anarudi nyumbani saa ngapi.

Sheria ya kuwalinda watu ipo. Kodi ya Dijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inazungumzia habari binafsi za raia na wajibu wa anayezikusanya. Lakini sheria haisomi mashine. Anayeweza kusema mashine hii inaandika nini ni kijana aliyeifungua.

Tukumbuke Ebola. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 2.200, wengi wao katika maeneo yetu. Kwenye vizuizi tulielekezewa vipima joto visivyogusa mwili. Vilikuwa vifaa vya kutuokoa, lakini kwa wengi vifaa vilifika kabla ya maelezo. Palipokosekana maelezo, uvumi ulijaza nafasi, na mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kifaa ambacho hakuna mtu wa karibu anayeweza kukieleza kinazaa woga, hata kama ni kizuri. Kikielezwa na mtoto wa jirani, kwa Kinande au Kiswahili, watu wanasikiliza.

Je, tunawafundisha wezi?

Kuna watakaosema kwamba kumfundisha kijana kusoma karte ni kumfundisha kuiba. Tunaelewa wasiwasi huo, lakini hatukubaliani nao. Kasoro za karte hizi zimeandikwa hadharani tangu 2008. Mwizi anayetaka kuzijua hahitaji ruhusa ya rekta wala ya meya. Asiyezijua ni mkurugenzi anayelipa. Tukificha elimu hiyo, tunamwachia mwizi peke yake.

Kinachotakiwa ni mipaka, na mipaka iwe wazi. Kijana asome karte yake mwenyewe, au karte ya taasisi iliyompa ruhusa kwa maandishi. Kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa mbele ya sheria, na hakuna udadisi unaoliondoa kosa hilo. Na akikuta kasoro, amweleze mwenye mlango kwanza, asiitangaze barabarani. Mwenye mlango naye asimwite polisi; amshukuru, kisha arekebishe.

Wengine watasema tuna vita, barabara mbovu na njaa, tutaongeleaje plastiki? Lakini ni mji wenye shida nyingi ndio usio na pesa ya kupoteza. Hospitali inayonunua mfumo usiochunga kitu imepunguza dawa.

Tunaomba nini

Kwa wakuu wa vyuo vyetu, UCG na UAC kule Butembo, UCBC kule Beni, na vingine: nunueni vibodi kumi na visomaji kumi. Bei yake yote ni chini ya kompyuta moja. Wapeni wanafunzi wa informatika kazi ya mwisho wa masomo ambayo si karatasi tu: wajenge mlango mmoja unaofunguka kwa karte, kisha wenzao wajaribu kuudanganya.

Kwa wafanyabiashara wetu: mmejenga Butembo kwa mikono yenu bila kungoja serikali. Boksi moja la vifaa hivi ndani ya kontena linaweza kumpa kazi kijana ambaye leo anakaa kando ya barabara akingoja pikipiki ya kuazima.

Kwa taasisi yoyote inayotaka kununua: kabla ya kusaini, muulizeni muuzaji maswali matano, naye ajibu mbele ya kijana wenu mmoja anayejua kusoma karte. Ni karte ya aina gani? Mlango unatazama namba tu, au unauliza siri? Ufunguo wa kiwandani umebadilishwa, na nani anao mpya? Orodha ya kuingia na kutoka inatunzwa wapi, na kwa siku ngapi? Intaneti ikikatika na wewe ukiwa mbali, nani wa hapa mjini atafungua mlango? Muuzaji anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha jibu.

Na kwa vijana: anzeni na karte zenu wenyewe. Someni namba, mwulize kwa nini inajibu, jaribuni kuifanya ikatae. Mkiweza kumweleza mama muuza samaki wa soko kuu jinsi inavyofanya kazi, mtakuwa mmeshaanza kuulinda mji.